Kabati la Macho Manne

Jumanne, 3 Juni

Nimeonana na mfamasia saa nne asubuhi, stoo ya nyuma ya duka la dawa. Kaunta hakai tena. Mwenye duka amemhamishia nyuma ahesabu maboksi, "mpaka upepo upite". Miaka sita alikaa mbele. Anawajua watoto wa wateja kwa majina na vifua vyao kwa mlio wa kikohozi. Sasa anahesabu bandeji.

Umri wake thelathini na moja. Barakoa usoni, ingawa stoo ilikuwa na sisi wawili tu na panya mmoja asiye na wasiwasi na maisha. Sweta la mikono mirefu, joto hili. Ana kovu la moto begani, aliungua na maji utotoni. Linaonekana kwenye picha. Tangu zienee, bega halijaona jua.

Habari yenyewe fupi. Alikuwa na mchumba, wakala wa bima. Wakaachana — binti ndiye aliyeacha. Mchumba akachukua picha nne za faragha, alizotumiwa enzi za mapenzi, akazirusha kwenye makundi matatu: wapangaji wa jengo, waliosoma chuo pamoja, kwaya. Chini yake akaandika jina, kazi, na duka lilipo. Duka lilipo! Kama tangazo la biashara.

Wiki iliyofuata, foleni ya wanaume kaunta. Kila mmoja anataka vidonge viwili vya kichwa na kutazama. Anasema: "Sijawahi kuona mji unaumwa kichwa hivi, mama." Sikucheka. Wala yeye.

Ana daftari. Jalada gumu, lile la kuagizia dawa. Humo ameandika kila mtu anayejua kwamba ameona. Namba, siku, alivyojua. Namba 17, jirani wa chini: ameacha kusalimia. Namba 23, mke wa jirani: amezidi kusalimia. Namba 41, mwalimu wa kwaya: alimwombea kwa jina, kwa sauti, mbele ya sauti ya kwanza na ya pili. Namba 58 hadi 62, polisi, alikokwenda kushtaki.

Nikamuuliza daftari la nini. Akasema walio humu hawamtishi. Wasiomo ndio. "Nikimwandika mtu anakuwa mtu. Nisipomwandika, ni kila mtu."

Nikamweleza utaratibu wa gazeti letu. Siandiki tuhuma bila kuuona ushahidi kwa macho yangu, na mhariri wangu kwa macho yake. Macho manne. Akauliza: wewe na yeye tu? Nikamwambia mimi na yeye tu.

Akanitumia picha zote nne mwenyewe, kutoka simu yake. Akafungua daftari, akaandika 63, akaandika 64.

"Nyinyi nimewachagua mwenyewe," akasema. "Wa kwanza."

Jumatano, 4 Juni

Kituo cha polisi. Benchi lina mguu mmoja mfupi, ukikaa vibaya unamsujudia sajini.

Sajini wa kaunta anamkumbuka. Vizuri mno anamkumbuka! Nikamuuliza kwa nini watu watano walihitaji kuziona picha. Akasema ni ushahidi, lazima uthibitishwe. Nikauliza mpishi wa mahabusu alithibitisha nini. Akakohoa. Akasema mpishi alikuwa anapita tu, akaitwa.

— Akaitwa na nani?
— Mama, usinichanganye.

Jalada la kesi lina ukurasa mmoja. Limeandikwa "ugomvi wa wapenzi". Bwana bima hajaitwa hata kwa simu. Picha zilikaa siku tatu kwenye simu ya sajini, "kwa ajili ya kumbukumbu". Nikamwomba anionyeshe kama amezifuta. Akasema simu imekufa chaji. Ikalia pale pale, mfukoni.

Nimeandika kila neno, na saa. Hawa watano ndio aya yangu ya kwanza. Mtu anakwenda kuripoti kwamba ameonyeshwa, anaonyeshwa tena. Sina haja ya kuongeza chumvi. Imejaa yenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Nimeweka picha kwenye Kabati.

Nijikumbushe Kabati lilivyoanza, maana nililianzisha mimi. Miaka kumi na sita iliyopita tulichapisha mkataba wa kughushi, tukaomba radhi ukurasa wa kwanza siku tatu mfululizo. Nikaandika kanuni, karatasi moja: mwandishi anaweka ushahidi kwenye folda moja ya kompyuta za ofisi, mhariri anaufungua, anasoma, anaandika "nimeona". Bila hivyo hakiendi mtamboni kitu. Folda tukaiita Kabati. Limeshika hati za viwanja, hundi, barua za mawaziri. Halijawahi kutuaibisha. Vijana wanaoanza kazi hufundishwa Kabati kabla hawajafundishwa choo kiko wapi.

Mkasi — mhariri wa habari, anaitwa hivyo hata na mkewe — akafungua, akaandika "nimeona", akaja mezani kwangu bila miwani. Akasema huyo bwana ni mbwa. Nikamwambia mbwa hana simu.

Tukagombana juu ya kichwa cha habari. Yeye anataka PICHA ZA FARAGHA ZAVUJA. Nikamwambia bomba huvuja. Hizi zilitumwa. Na mtu. Ana jina na tai. Mkasi akasema "zavuja" inaenea vizuri kwenye safu mbili. Nikamwambia basi tumpe safu tatu.

Nimepewa safu tatu. Toleo la Jumapili, tarehe 15.

Ijumaa, 6 Juni

Picha zimezuka kwenye mtandao mwingine. Ipo fomu ya kuomba ziondolewe. Nimeijaza pamoja na mfamasia, stoo, juu ya boksi la sindano. Kipengele cha nne: ambatisha picha unayolalamikia.

Akaniangalia. Nikasema tuache kwanza. Akasema hapana, akaambatisha. Jibu likaja baada ya dakika moja: ombi lako limepokelewa, asante kwa kutusaidia kuboresha huduma.

Kila mlango anaobisha wanamwambia: tuone kwanza.

Mchana mdogo wangu kanipigia. Nikamgusia habari, bila jina. Swali la kwanza: "Na yeye alipiga za nini, dada?" Mdogo wangu huyu! Aliyewahi kumwandikia mumewe barua za kurasa saba kabla ya ndoa, mimi ndiye tarishi. Nikamuuliza: shemeji angezisoma msikitini kwa kipaza sauti, kosa lingekuwa lako? Akasema barua si picha. Nikasema ningezifungua mimi njiani, ungejua hazina tofauti. Akasema maharage yanaungua, akakata.

Jumatatu, 9 Juni

Bwana bima. Ofisi ya ghorofa ya pili, meza ya kioo, maua ya plastiki yanayofutwa vumbi kila siku. Akanipokea kama mteja. Akaniuliza kama nina bima ya maisha.

Kwanza akasema simu iliibwa. Jumapili ile ile picha zilipotumwa. Aliyetuma ni mwizi.

Nikamsomea ujumbe wa kundi, nilioupata kwa mpangaji mmoja. Saa mbili na dakika tano usiku, kundi la wapangaji, picha nne. Saa mbili na dakika kumi na mbili, namba ile ile, kundi lile lile: ndugu wapangaji, kesho ni siku ya taka, tusisahau kufunga mifuko vizuri.

— Mwizi mwenye kujali usafi, nikasema.

Akabadili gia. Picha ni zake, alitumiwa yeye. Nikamuuliza: nikikukabidhi ufunguo wa nyumba yangu, nyumba imekuwa yako? Akasema alikuwa na hasira, mimi mtu mzima nielewe, mapenzi yanauma.

— Hasira ninayo hata mimi, bwana. Nimekaa nayo hapa saa nzima. Sijamtumia mtu.

Aliponisindikiza akanipa kalenda ya kampuni. Nimeipokea. Nitaifungia viatu.

Mfamasia alitaka kujua kitu kimoja tu: alisikitika? Nimemwambia ukweli. Alisikitika kwa ajili yake mwenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Niandike hili kwa mpangilio. Mkono hautaki.

Saa saba, chumba cha chai. Nachemsha maji. Anaingia Kipenga wa dawati la michezo, kikombe mkononi, uso wa huruma kabisa. Si mtu mbaya Kipenga. Aliniletea supu nilipolazwa. Akasema, kwa jina wanaloniita ofisini: "Shangazi, hiyo habari yako imenigusa. Binti wa watu! Kovu lile la begani, aliungua na nini?"

Nikaendelea kumimina maji. Kikombe kikajaa, kikamwagika.

Kovu halimo kwenye habari yangu. Nililiacha makusudi, kovu ni kitambulisho. Mkasi hakulitaja, nimeshamuuliza. Anayelijua kovu lile ameliona.

Nikamuuliza Kipenga kwa upole, kama ninavyowauliza mawaziri: uliliona wapi? Akasema kwa urahisi tu, bila kujua anasema nini. Kabati, Shangazi. Kila mtu kaona. Tunajivunia kazi yako.

Kila mtu.

Nikaenda kwa fundi wa kompyuta, chumba cha chini, mama wa maneno machache na karanga nyingi. Nikamuuliza nani anaweza kufungua Kabati. Akaniangalia kama nimeuliza nani anaweza kupumua. Akasema chumba kizima cha habari, na matangazo, na maktaba. Ndivyo ulivyotaka mwenyewe, ukasema tusifichane ushahidi.

Kweli. Nilisema. Miaka kumi na sita iliyopita, kuhusu mkataba. Ni vizuri watu wengi waone mkataba!

Akatoa orodha. Kila mashine, kila saa. Ukituondoa mimi na Mkasi, watu kumi na mmoja. Mmoja amefungua mara saba. Mmoja amefungua saa sita na nusu kila siku, siku nne, kama anayekunywa dawa. Mmoja ni dada wa ukurasa wa wanawake, yule aliyeandika tahariri ya heshima ya mwanamke kazini, nikampigia makofi. Na mmoja, wa matangazo, amenakili.

— Amenakili wapi?
— Flashi.

Akaacha kutafuna. Akafunga folda mbele yangu. Akasema: nimefunga, Shangazi, lakini kilichotoka kimetoka.

Nilikaa kwenye ngazi za chini. Nimewaandika polisi watano aya ya kwanza. Watano! Nimewaandika kwa dharau nzuri, iliyopigwa pasi. Na mpishi. Mpishi wao alikuwa anapita tu, akaitwa. Mimi sikumwita mtu. Niliacha mlango wazi, nikaweka kibao.

Nilimwambia wawili tu.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao. Mkasi, wakili wa gazeti, mimi. Mlango umefungwa — leo wamekumbuka kufunga.

Wakili anataka mambo matatu. Tusiandike chochote kuhusu sisi. Tusimwambie binti chochote kabla ya Jumapili. Na mimi nisitume ujumbe wala barua pepe yenye neno "Kabati". Akasema kisheria hakuna aliyechapisha. Nikasema kisheria bwana bima naye hakuchapisha, alituma tu. Mkasi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kisha Mkasi mwenyewe. Kwa sauti ya chini, ya mtu niliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa. Habari ni safi. Itamwondoa yule sajini. Itamvua tai yule bwana. Tukijitia sisi humo, Jumatatu hakuna atakayezungumza juu ya polisi, wote watatuzungumzia sisi. Na nguo chafu hufuliwa nyumbani.

— Hii si nguo yetu, Mkasi.

Akasema: na wewe ndiye uliyeziweka pale. Nikasema najua. Nasema hata kabla hujauliza. Aya nimeshaiandika, ya pili, mara tu baada ya polisi: na katika chumba cha habari cha gazeti hili, watu kumi na mmoja. Kosa la mwandishi wa habari hii. Maneno arobaini na mawili. Akasoma. Akachukua kalamu nyekundu, ile iliyompa jina lake, akaiweka chini bila kukata. Akasema mpaka Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ukurasa ukifungwa, umefungwa.

Wa matangazo akaitwa. Mtu mzima, ana wajukuu! Akaweka flashi mezani, kajaa jasho kwenye kola. Anasema hakuna aliyeziona. Nikamtazama tu. Kutazama na kunyamaza ni nusu ya kazi yangu. Dakika moja hivi.

— Nilimwonyesha shemeji tu.

Shemeji tu! Kwa nini? Hajui. Alikuja kumtembelea, mazungumzo yakaisha.

Mazungumzo yakaisha. Nimeyaandika maneno hayo kwenye karatasi, nikayapigia mstari. Nimehoji wauaji waliokuwa na sababu nzuri zaidi.

Kumi na wawili, basi. Na shemeji ana simu, na ana shemeji zake.

Nilipotoka nikapita dawati kwa dawati. Sikupiga kelele. Nilisimama mbele ya kila mmoja, nikasoma saa aliyofungua. Kumi na moja na robo. Saa sita na nusu. Saa sita na nusu. Saa sita na nusu. Saa sita na nusu. Yule wa maktaba alisema alidhani ni sehemu ya mafunzo. Dada wa ukurasa wa wanawake alilia, akasema alitaka kuelewa ukubwa wa tatizo. Nikamwambia ukubwa wake ni wewe. Kipenga alikwenda chooni, akakaa huko mpaka nikaondoka.

Si kwamba ni watu waovu. Ndilo linaloniudhi. Waovu nawajua kuwaandika.

Ijumaa, 13 Juni

Nilikuwa nimwambie leo.

Akanitangulia kupiga, saa tatu. Sauti nyingine kabisa. Amerudi kaunta! Alimwambia mwenye duka habari inatoka Jumapili na itataja duka lililompeleka stoo. Mwenye duka akagundua ghafla kwamba maboksi yameshahesabika. Amekaa mbele tangu jana mchana, bila barakoa. Mzee mmoja wa shinikizo la damu alimletea ndizi, akasema waliomhudumia siku zile za stoo walikuwa wanamsomea maandishi ya boksi tu.

Halafu akasema hili. Ameanza kulala. Anadhani ni kwa sababu namba imesimama. "Siku kumi, mama. Tangu nyinyi wawili. Sitini na nne, imegoma hapo hapo."

Nikasema nitakuja kesho. Akasema karibu, utanikuta mbele.

Sikumwambia. Nilijiambia jambo kama hili halisemwi kwa simu. Sababu nzuri. Nina hakika sajini naye anazo nzuri.

Jumamosi, 14 Juni

Saa tisa na nusu nimefika. Yuko mbele. Koti jeupe, sweta hakuna. Mikono mifupi. Kuna watu watatu kwenye foleni na hakuna hata mmoja aliyetaka vidonge viwili. Mama mwenye mtoto wa surua, kijana wa dawa ya macho, na mwanamke aliyesahau alichotumwa.

Akanipungia. Akasema: kaa hapo mama, namalizia. Akamwuliza aliyesahau maswali manne, akajua alichotumwa. Nimewahi kuona mawakili wakubwa wakifanya kazi hiyo vibaya zaidi.

Nilikuwa na karatasi ya fundi kwenye mkoba. Sikuizungusha habari. Niliona heri nimpe kama ninavyotaka kupewa. Nikasema: nilikuahidi watu wawili. Niliziweka mahali ambapo ofisi nzima inafungua. Sikufikiria. Ni kosa langu, si la mashine. Wamefungua wengine kumi na mmoja, na mmoja akamwonyesha shemeji yake. Nimejua Jumatano. Nimekaa nalo siku tatu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

— Kumi na wawili.
— Ninaowajua.
— Unaowajua, akasema.

Akaniuliza kwa nini walifungua. Nikasema mmoja alidhani ni mafunzo, mmoja alitaka kuelewa, mmoja mazungumzo yalimwishia. Akatikisa kichwa polepole, kama anayesikiliza dalili. Akasema polisi walisema ushahidi, kwaya walisema maombi. "Kila mtu ana sababu, mama. Mimi tu ndiye ninayeulizwa yangu."

Nikamwambia kuhusu aya ya pili. Nikamwambia Mkasi anaogopa nini, na kwamba si mjinga, huenda ni kweli watasahau polisi. Nikamwambia anaweza pia kusema habari isitoke kabisa, nitaivuta, nitamwambia Mkasi achapishe kalenda ya bima. Safari hii yeye ndiye atakayeamua, mpaka saa kumi na moja.

Akacheka kidogo. Hakikuwa kicheko.

— Safari hii, akasema.

Mteja akaingia. Mwanamume, shati la kazini, mtu asiye na kosa lolote. Akaomba dawa ya kikohozi. Nikamwona mfamasia akimtazama uso. Muda mrefu kidogo kuliko kikohozi kinavyohitaji. Nikajua anatafuta nini. Anatafuta ofisi yangu. Tangu leo kila mwanamume mwenye shati la kazini anaweza kuwa wangu.

Akampa dawa. Akamweleza kijiko kimoja mara tatu. Alipotoka, akachukua sweta kwenye kiti, akavaa mkono mmoja, akasimama hivyo hivyo, mkono mmoja ndani, mmoja nje, kovu nje.

Akasema: ngoja hapo. Usiondoke.

Amekwenda stoo. Naandika haya kwenye benchi la wateja, karatasi ya fundi imekunjuliwa magotini. Simu inaita. Mkasi. Saa kumi na dakika arobaini. Inaita tena. Siwezi kumjibu neno ambalo si langu.

Droo ya stoo imefunguliwa, nasikia inavyokwama. Imefungwa.

Anarudi. Sweta hakulimalizia. Daftari kwapani, na kalamu mbili mkononi, moja ameninyooshea: kuanzia sitini na tano, naandika mimi.